Onja Kwanza

Samansi ilinikuta na parachichi mkononi. Nafanya kazi ya kuchambua kwenye kituo cha kukusanyia matunda kwetu Kisondela. Wakulima wanaleta, sisi wanawake tunakaa juu ya ndoo tulizozigeuza, tunaangalia moja moja. Lililochubuka linarudi, lililong'olewa kikonyo linarudi, na mwenye mzigo akinuna tunamwambia sisi hatukuwepo wakati anachuma. Siku hiyo mtendaji wa kijiji alikuja mwenyewe na pikipiki, akaniita pembeni, akanipa karatasi na kalamu. Nikadhani ni mchango. Nikamwambia wa zahanati nimeshatoa, wa darasa nimeshatoa, labda umebaki wa harusi yake yeye. Hakucheka. Akasema nisome ndipo nisaini.

Nikasoma nimesimama. Mzazi mwenzangu, yaani mwanamume niliyezaa naye mtoto wangu wa pekee, binti wa miaka tisa, alikuwa anaiomba mahakama ya watoto pale Tukuyu imwondolee amri ya kutoa matunzo. Sababu aliyoiandika ni kwamba mtoto hataki kumwona, hamsalimii, hagusi chakula chake, na kwamba aliyemfundisha hayo yote ni mimi mama yake. Mtu hawezi kuendelea kutoa matunzo ya mtoto aliyekwisha kunyang'anywa, ndivyo karatasi ilivyosema.

Nilicheka. Hasira zangu huanza na kicheko, nyumbani wananijua, wakinisikia nacheka hivyo wanasogeza vyombo. Nikawatangazia wenzangu pale kwenye ndoo kwamba mwanaume kachoka kulea, sasa anatafuta pa kutokea. Miezi mitatu hajatuma hata senti, kumbe alikuwa anapika hili. Wakacheka na mimi. Hakucheka mmoja tu, mama mmoja mtu mzima ambaye dada yake alishawahi kufikishana huko na mumewe. Aliniuliza bila kuinua macho kwenye tunda lake, "Na hayo aliyoyaandika, ni kweli?"

Nikamwambia asiniletee uchuro. Akasema yeye hana uchuro, anauliza tu, maana mahakama ikiona ni kweli haiishii kwenye hela, inaangalia na mtoto akae kwa nani. Nikarudi kwenye ndoo yangu. Alasiri ile nilipitisha matunda mabovu mengi kuliko mwaka mzima, msimamizi akanifokea mbele za watu na sikumjibu. Hapo wenzangu wakajua jambo ni zito.

Niseme tulikotoka. Yule bwana alinitorosha nikiwa na miaka ishirini na moja, akanipeleka kwao Isongole, kwenye baridi na viazi. Tuliishi pale miaka saba. Tulivyoachana haina haja kusimulia, kila mtu ana lake, mimi nilirusha sufuria na yeye alirusha maneno, na maneno yalikwenda mbali zaidi. Nikarudi Kisondela kwa mama yangu na mtoto wa miaka sita. Mahakama ikaamua mtoto akae kwangu, baba atoe matunzo kila mwezi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtoto aende kwa baba yake, arudi Jumapili. Karatasi ile niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, nikaona mambo yamekwisha.

Mwanzoni alienda vizuri. Baba yake alikuja kumchukua na pikipiki, akimletea na koti la mvua. Sasa, mwezi wa tatu au wa nne hivi, mtoto akarudi kasukwa. Mtindo wa twende kilioni, mistari imenyooka kama ya rula. Nikamuuliza nani kakusuka, akasema mama mdogo. Sikujua kama baba yake ana mwanamke mwingine wa kuitwa mama mdogo. Mtoto akaendelea kunihadithia, hajui anachonifanyia, kwamba mama mdogo ana mkono laini, kwamba walikaanga viazi, kwamba alikunywa maziwa mgando vikombe vitatu, kwamba mama mdogo kamwambia akikua atamfundisha kushona. Niliona wivu. Siwezi kuupa jina lingine. Nilimkalisha kizingitini nikamfumua zile nywele zote, mstari kwa mstari, na kwa vile nilikuwa navuta, alilia.

Jioni ile tumbo likamuuma. Vikombe vitatu vya mgando na viazi vya kukaanga, tumbo la nani lisingeuma? Nilijua. Huo ndio ukweli wangu na sitaufunika, nilijua kabisa ni mgando. Lakini nilimwambia, "Unaona? Sasa ukifika kwa baba yako, usile kitu chochote mpaka yeye aonje kwanza."

Kwa mtu wa kwingine maneno hayo yanaweza kupita tu. Kwa mtoto wangu hayakupita. Mama yangu hupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na watu huja kunywa uani kwa mirija. Utaratibu wake ni wa tangu zamani: mwenye chungu anavuta kwanza yeye, huku unamtazama, anameza, ndipo anakupa mrija. Asipofanya hivyo hunywi, hata kama kiu inakuua. Mwanangu kakulia mle uani. Kabla hajajua kusoma alijua mwenye chungu huonja kwanza, na alijua ni kwa nini, kwa sababu wazee wakishakunywa hawachagui maneno mbele ya watoto. Kwa hiyo sikuhitaji kutaja sumu. Sikuitaja hata siku moja, na kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo.

Mama alinisikia. Akaniita jikoni, akanisema kwa Kinyakyusa, taratibu, na mama yangu akisema taratibu ni vibaya kuliko akipiga kelele. Alisema kuonja ni heshima ya mgeni. Mtu na damu yake haonjeshani. Ukimfundisha mtoto kumwonjesha baba yake, umemwambia baba yake ni mtu wa nje. Nikamjibu kwamba ni mtu wa nje kweli. Akaendelea kukuna nazi yake.

Yaliyotokea Isongole niliyasikia baadaye, ila niyaweke hapa yanapostahili. Mtoto alifika, akawekewa chakula, akakunja mikono. Akamwambia baba yake onja kwanza. Baba yake akadhani ni mchezo, akaonja, wakacheka. Chakula cha jioni ikawa vile vile. Asubuhi chai ikawa vile vile, na safari hii akamwambia na mama mdogo aonje. Yule mwanamke akaweka chini birika, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka mtoto anaondoka. Baba mtu akapandwa na hasira, akamgombeza. Mtoto akarudi ameshinda na njaa, akaniambia baba kakataa kuonja. Hapo nilitakiwa nimrekebishe. Badala yake nilimuuliza, "Alikataa?" na nikatingisha kichwa.

Tangu hapo akawa hataki kwenda. Akisikia mlio wa pikipiki ya baba yake ukipanda kilima, anakimbilia migombani. Sikumwambia akajifiche. Na sikumwita atoke. Nilikuwa nasimama mlangoni na khanga yangu, namwambia mzazi mwenzangu mtoto mwenyewe hataki, nifanyeje, nimfunge kamba? Anakaa juu ya pikipiki dakika kumi, anaangalia migomba, halafu anashusha gunia la viazi na chupa ya maziwa, anaondoka. Viazi nilikuwa navipeleka gulioni. Mtoto akiniuliza mbona hatuvipiki, nasema hivi si vya kula. Hela aliyotuma kwa simu niliipokea. Hela haina ladha.

Mwaka mmoja na zaidi tulikwenda hivyo, halafu akaacha kutuma hela, halafu ikaja samansi.

Siku za kungoja tarehe zilinikausha. Nilikuwa naamka na kitu kimenikaa hapa kifuani, nakunywa chai hakishuki, napanda kilima kwenda kituoni hakishuki. Nilimwangalia mwanangu akila, akifua soksi zake, akiimba nyimbo za shule, na kila kitu nilikiona kama cha mwisho. Nikaanza kumpendelea kijinga, nikamnunulia biskuti, nikamruhusu asiende kuchota maji. Akaniuliza kama ninaumwa. Mara mbili tatu nilitaka kumpanga maneno, ukiulizwa hivi sema hivi. Nilifungua mdomo kabisa, siku moja tukiwa tunaanua nguo mvua inakuja. Nikaishia kumwambia ashike vizuri vibanio.

Kabla ya tarehe yenyewe akaja dada wa ustawi wa jamii. Mahakama ndiyo iliyomtuma, aje aone tunavyoishi, aongee na mtoto, aandike taarifa. Binti mdogo tu, kavaa mabuti ya plastiki, ana mwavuli na daftari. Nilikuwa nimefagia uwanja mara mbili. Akanisalimia mimi na mama kwa heshima zote, akakaa, akauliza maswali ya kawaida, halafu akaomba kuongea na mtoto peke yao. Wakaenda kukaa kwenye gogo kule mwisho wa migomba.

Mimi nilibaki jikoni nawaangalia kwa dirishani. Sikusikia neno. Niliona midomo tu. Mtoto anaongea, dada anaandika, mtoto anachora chini kwa kijiti, dada anaacha kuandika. Kwa nini kaacha? Maharage yakaungua nikayanusa na sikugeuka. Baada ya hapo mama akatoa chai, na mtoto kwa adabu zake ndiye aliyempelekea mgeni kikombe. Nikamwona kwa macho yangu. Alisimama mbele ya dada wa ustawi, akanywa funda moja kwenye kile kikombe, akameza, akamkabidhi kwa mikono miwili. Yule dada akamtazama, akamuuliza kitu. Mtoto akamjibu kirefu. Nilijua amejibu nini, nikakaa juu ya kinu.

Tarehe ikafika. Mvua ya Tukuyu haihitaji kusimuliwa, tulifika tumelowa mpaka kwenye magoti, mimi na mama. Nilidhani tutaingia mahali pa kutisha, kumbe kesi za watoto husikilizwa kwenye chumba kama ofisi, milango imefungwa, watu wachache, hakuna majoho. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani ameisogeza hadi kwenye ncha ya pua. Mzazi mwenzangu alikuwa amekwishafika. Sikuwa nimemtazama usoni kwa muda mrefu. Alikuwa amekonda, na koti lake ni lile lile nililomnunulia mimi mnadani miaka ile. Nikasema moyoni, naye mama mdogo si amnunulie jingine. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, mtoto wangu yuko kwenye mizani na mimi nawaza koti.

Nilijiandaa kwa uongo wake. Nilikuwa na majibu kwa kila uongo. Hakudanganya. Alisema hela anayo kidogo na viazi anavyo, hakatai kulea. Akasema, "Mheshimiwa, mwanangu ananitazama kama mchawi. Nikituma kitu hakimfikii mdomoni. Sasa mimi namlea nani?" Halafu akaangalia dirisha, na mtu mzima yule kidevu kikamcheza.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema sijawahi kumwambia mtoto baba yake ana sumu, alete shahidi mmoja, nikasema miezi mitatu mtoto anakwenda shule na viatu vilivyopasuka, vimefungwa kwa kamba, nikasema na la mama mdogo, sijui nilisema nini. Hakimu aliniacha kidogo, halafu akagonga meza kwa kalamu. Akasema zamu yangu itakuja. Akachukua taarifa ya ustawi akaisoma kwa sauti, sehemu moja tu.

Iliandikwa kwamba mtoto aliulizwa kwa nini ameonja chai ya mgeni. Akajibu kwamba anayekupa chakula lazima aonje, ili ujue hakukuwekea kitu. Akaulizwa kama mama yake huwa anaonja anapompikia. Akasema hapana, mama hana haja, mama ni wa kwetu. Akaulizwa na baba je. Akasema baba lazima, baba siyo wa kwetu.

Mama yangu kando yangu alishika ncha ya khanga yake akaitia mdomoni. Zamu yangu ilipofika hakimu aliniuliza kama nina la kusema juu ya hayo. Nilisema, "Nilimfundisha mimi." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Uamuzi ulisomwa wiki mbili baadaye, na wiki mbili hizo sina cha kusimulia zaidi ya kwamba nilipungua mpaka pete ya mama niliyoivaa ikawa inatoka yenyewe. Hakimu alianza na yeye baba mtu. Akamwambia matunzo si kiingilio cha kumwona mtoto. Mtoto anakula akikupenda na anakula akikuchukia, na kosa la mama yake halimpunguzii njaa. Miezi mitatu ile ailipe yote. Nikavuta pumzi. Halafu akanigeukia. Akasema kumjua baba nako ni chakula cha mtoto, nami nimemnyima mwaka mzima na zaidi huku napokea hela. Kwa hiyo sare na michango baba atakuwa analipa mwenyewe shuleni, haitapita mkononi mwangu. Mtoto atabaki kwangu kwa sasa. Kila Jumamosi baba atamwona kwenye ofisi ya ustawi mpaka mtoto azoee, na ikionekana nazuia tena, kwa mdomo au kwa kunyamaza, mahakama itafungua upya suala la mtoto kukaa wapi. Alisema hilo la kunyamaza akinitazama juu ya miwani.

Kwa hiyo mtoto nilibaki naye, lakini kwa hilo neno "kwa sasa". Nilikwenda nalo nyumbani, nalala nalo, naamka nalo.

Jumamosi ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Sikuruhusiwa kuingia, nikakaa kwenye benchi la nje, ila dirisha lilikuwa wazi. Baba yake alileta hotipoti. Alipofungua nikasikia harufu ya ndizi na nyama, amepika mbalaga vile nilivyokuwa nampikia mimi. Akampakulia. Mtoto akakunja mikono.

"Onja kwanza."

Nilishika benchi. Nilijua hasira zake, nilikaa nazo miaka saba. Akichomoka pale na kuondoka, nani atasema si kosa langu? Hakuondoka. Alichukua kijiko akaonja ndizi, akaonja nyama, akaonja mchuzi, akamwonyesha mdomo ulivyo mtupu. Mtoto akasubiri. Akala vijiko vitatu, akasema ameshiba.

Jumamosi ya pili akaleta viazi vya kuchemsha. Kila kiazi alikikata katikati, nusu akala yeye, nusu akampa. Maziwa alinywa kwanza, soda alinywa kwanza, hata karanga alikula moja moja kutoka kwenye kiganja cha mtoto. Hakunung'unika. Dada wa ustawi alitaka kumwambia mtoto inatosha sasa, yeye akamzuia, akasema mwache, ana haki. Ya tatu ikawa hivyo. Ya nne nikasikia wanacheka, sijui kwa nini, na nikajikuta nimekunja ngumi. Ya tano mtoto alichukua kiazi mwenyewe kutoka kwenye sahani, akatafuna huku anamhadithia baba yake habari za mwalimu wa hesabu. Hakusema onja. Baba yake aliinamisha kichwa kama anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa mabuti ya plastiki yasiyo na kamba.

Nilifurahi? Nataka kusema nilifurahi. Niliogopa pia, sana, kwamba sasa atampenda, na akimpenda ataniuliza.

Dada wa ustawi aliniita siku hiyo akaniambia haitoshi mtoto kuzoea. Lazima asikie kwangu, kwa mdomo ule ule, la sivyo atabaki amebeba kitu asichojua alikokitoa. Nikamwambia atasahau, ni mtoto. Akaniuliza kazi yangu ni nini, akijua vizuri. Nikamwambia kuchambua parachichi. Akasema likianguka leo, leo unaona kitu? Najua huoni. Unaona siku ya kulikata.

Nilikaa siku nne na hilo. Siku ya tano tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mama katoka, mikono yote imejaa utomvu. Nikamwambia mwanangu kwamba chakula cha baba yake hakikuwahi kuwa na kitu. Tumbo lile lilikuwa la mgando. Mama mdogo hakumfanyia baya lolote. Nilisema uongo kwa sababu nilikuwa na hasira na baba yake, na kosa ni langu lote, wewe huna kosa.

Hakuniangalia. Alimaliza ndizi aliyokuwa anaimenya, akaitia majini, akachukua nyingine.

"Na vile viazi ulivyouza?"

"Vilikuwa vizuri," nikasema.

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akaendelea kumenya. Nilitaka alie, nilitaka anigombeze, nilitaka kumkumbatia na utomvu wangu. Alimaliza chane nzima, akaenda kunawa kwa mafuta ya taa mikono ikatakata, akaenda kucheza rede na wenzake. Nikamsikia anacheka huko. Nikasema, basi, Mungu mkubwa, imepita.

Kesho yake ilikuwa asubuhi ya kawaida, mvua nyepesi, nimemkorogea uji wa ulezi kabla ya shule. Nikamwekea kikombe mezani, nikageuka kutafuta soksi zake. Niliporudi alikuwa hajagusa. Alikuwa amekaa na sare yake, begi mgongoni, mikono ameikunja kifuani. Akanyoosha kidole kimoja akakisukuma kile kikombe polepole, kikavuka meza mpaka upande wangu.

"Onja kwanza, mama."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira. Mama yangu alikuwa mlangoni na ungo wake, akasimama hapo hapo. Nikachukua kikombe. Uji ulikuwa wa moto, ukaniunguza ulimi. Mtoto alinitazama kooni mpaka nilipomeza, akangoja kidogo kama bibi yake anavyongoja na chungu chake, ndipo akavuta kikombe akanywa wote. Akafuta mdomo, akatuaga vizuri tu, akaenda shule.

Mahakamani hatujaitwa tena. Matunzo yanakuja, michango inalipwa, mwisho wa mwezi anakwenda Isongole na anarudi kasukwa, nami nywele sizifumui. Baba yake alionja Jumamosi nne. Mimi huu ni mwezi wa tatu, na kila asubuhi naonja.